Watu saba wa Lamu

Matokeo ya uchunguzi wa maoni ya wananchi yakisomwa redioni, sikosi mtu wa kunisimamisha hapa Amu, mji wa Lamu, aniulize: "Mbona sisi hatukuulizwa?" Kazi yangu ni kuhoji watu, na swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, yaani watatu katika kila elfu. Afrobarometer, wanaouliza watu kuhusu siasa, vyombo vya habari na imani yao kwa viongozi wa dini, wamezoea kuhoji Wakenya 2,400. Gawa kwa haki: Lamu inapata watu saba. Tena wahojiwa huchukuliwa wanane wanane katika kila eneo la sensa lililotoka kwenye bahati nasibu, kwa hivyo sisi ni eneo moja, au hatumo kabisa. Kura ikiangukia Mpeketoni, utasikia wakulima, wengi wao Wakristo waliotoka bara. Ikiangukia Faza, utasikia wavuvi Wabajuni, Waislamu. Atakayeandika "watu wa Lamu wanasema" kwa majibu hayo amekosea sana.

Kwa nchi nzima lakini watu 2,400 wanatosha. Makosa hayazidi sana asilimia mbili juu au chini. Wingi peke yake hausaidii. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni mbili, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo yote isipokuwa mawili.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni maneno yenyewe. Siku moja nilikaa kiwandani, yaani uani, mwa nyumba ya mtaa wa Mkomani na bibi aliyekuwa akisuka ukili. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: unaviamini kiasi gani vyombo vya habari? Akauweka ukili mapajani. "Mwanangu, kuamini ni kwa Mwenyezi Mungu. Redio naisikiliza." Na kweli ilikuwa inalia pale pale, taarifa ya saa saba. Sheria yetu hairuhusu kumfafanulia mtu swali, kwa hivyo kwenye takwimu angeonekana hana imani na habari hata chembe. Hojaji yangu siku hizi inauliza: je, habari unazosikia redioni huwa ni za kweli mara nyingi, mara chache, au kamwe?

Mkaza mwanawe alikuwa kando akichambua mchele. Zamu yake ilipofika, kila jibu lilikuwa "kama alivyosema mama." Tangu hapo naomba faragha kabla ya swali la kwanza, na kwa wanawake natuma mhoji mwanamke.

Ili Lamu ijisemee, kwa makosa ya asilimia tano, tunahitaji watu wapatao 400, na zaidi ya hapo kwa kuwa tunawahoji kwa maeneo: Amu, Faza, Kiunga, Hindi, Witu, Mpeketoni. Nikipeleka bajeti, safari ya Kiunga ndiyo wafadhili hutaka kuifuta mwanzo, kwa gharama ya boti. Mimi huirudisha, na barua ya kueleza kwa nini.