Albamu ya laivu haitoki kwenye waya mmoja wa mikisa

Nimetumiwa tena faili moja la stirio, yaani sauti zote zimeshachanganywa pamoja, na ujumbe ni uleule: "Kaka, hii shoo yetu ya juzi, tulichomeka rekoda kwenye mikisa. Isafishe kidogo tuitoe kama albamu ya laivu." Nimeshalieleza hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naliandika. Kilichotoka usiku ule kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti za maiki na vyombo, si shoo yenu.

Chukua ukumbi wa watu 200. Dramu zinasikika zenyewe, ampu ya besi nayo inajitosheleza. Kazi ya fundi mitambo hapo ni kuongeza kinachopungua, kwa hiyo anapandisha mwimbaji, anapandisha gitaa kavu, na dramu anazigusa kidogo au anaziacha kabisa. Aliyekaa ukumbini amesikia vyombo vyenyewe pamoja na spika. Waya wa mikisa umebeba kile cha spika peke yake. Ndiyo maana mkisikiliza nyumbani mwimbaji yuko juu kama anahutubia, gitaa limekuwa jembamba, na dramu zinasikika kwa mbali, zimeingilia kwenye maiki ya mwimbaji. Ukumbi ukiwa mdogo zaidi, rekodi inapinda zaidi. Uwanjani, ambako karibu kila kitu hupita kwenye spika, ingekuwa afadhali, lakini wanaonitumia mafaili haya hawapigi uwanjani.

Kisha kuna masafa, yaani sehemu za sauti za chini au za juu, ambayo fundi aliyakata ili maiki isipige mluzi katika ukumbi ule. Alifanya sawasawa. Ila tundu lile limebaki kwenye rekodi, na katika faili la stirio siwezi kuliziba kwa mwimbaji bila kuwagusa wengine wote. Programu za kutenganisha sauti zipo na ninazitumia. Zinaokoa jahazi, lakini mara nyingi zinakula mkia wa matoazi na pumzi ya mwimbaji, na pumzi ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Nikisema hivi nabishiwa kwa mfano wa Ani DiFranco, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani: mbona yeye alijitegemea, akapanda na gitaa lake, akarekodi, akatoa "Living in Clip"? Ninaipenda mno albamu hiyo, siwezi kuacha isemwe hivyo. Ni diski mbili, ilitoka 1997 chini ya lebo yake mwenyewe, Righteous Babe, ya Buffalo, New York, ikafika hadhi ya dhahabu Marekani. Nyimbo zimechaguliwa kutoka maonyesho ya kumbi mbalimbali. Andy Stochansky yuko kwenye dramu, Sara Lee kwenye besi. Sikiliza gitaa: anapiga kwa kucha za bandia zilizofungwa kwa utepe, nyuzi zinagongwa kama ngoma, na bado kila neno analoimba unalishika. Uwiano huo mtu alikaa akautengeneza.

Au chukua "Both Hands" peke yake. Wimbo huu upo kwenye albamu yake ya kwanza, ya 1990, gitaa na sauti tu. Kwenye ile ya laivu ameupiga na orkestra ya Buffalo Philharmonic. Fikiria gitaa lililokuzwa kwa spika likiwa jukwaa moja na vayolini zisizo na ampu: maiki iliyowekwa kuchukua vayolini itachukua na spika. Kuiweka orkestra iwe nyuma yake bila kummeza ni kazi ya nafasi za maiki, chaneli (njia ya kila maiki au chombo) baada ya chaneli.

Jina la albamu, yaani "kuishi kwenye klipu", lisiwapotoshe. Ampu inasemwa iko kwenye klipu pale taa nyekundu inapowaka, imeombwa nguvu kuliko inazoweza kutoa, na vilele vya mawimbi vinakatwa. Ampu ya ukumbini inaweza kuishi huko. Rekoda ya kidijitali haiwezi: ikipita sifuri, kiwango chake cha juu kabisa, kilichokatwa hakirudi. Wakati wa kutesti mitambo acha kama desibeli 12 chini ya sifuri, kwa sababu mwimbaji akiona watu hupaza kuliko alivyopaza ukumbi ukiwa mtupu.

Maiki za watazamaji ndizo zinazonisumbua mpaka leo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 17 kutoka jukwaani inapokea pigo la snea, ile dramu kali ya katikati, milisekunde 50 baadaye. Vitabu vinasema wakati wa kuchanganya isogeze rekodi ya maiki hiyo iwahi, ilingane na za jukwaani. Nikiisogeza milisekunde zote 50 snea inakaa vizuri, lakini ukumbi unasinyaa masikioni. Mara nyingi naisogeza nusu tu, na sina kanuni ya kuutetea uamuzi huo zaidi ya masikio. Vilevile sijui mpaka uko wapi kati ya kurekebisha na kudanganya. Kuunganisha nyimbo za usiku tofauti kwa makofi yanayoendelea naona ni sawa. Kurudia kuimba studio ubeti uliokosewa, kisha kuuita laivu, nakataa, ingawa wapo mafundi ninaowaheshimu wanaofanya hivyo.

Kwa hiyo kabla ya shoo, si baada yake: ombeni kila chaneli irekodiwe peke yake, kutoka kabla ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, ili fundi akishusha gitaa ukumbini lisishuke kwenye rekodi. Maiki mbili zielekee kwa watu. Dramu ziwekewe maiki hata kama ukumbi hauzihitaji. Mikisa nyingi za kidijitali hutoa chaneli zote kwa waya wa USB kwenda kwenye laptopu. Mkiwa na hayo, nileteeni hata kama kuna nyuzi iliyokatika katikati ya wimbo.