Ngoma, upatu na kayamba: yasemwayo na yalivyo

Mombasa, adui wa fundi wa ngoma ni unyevu wa bahari kuliko ugumu wa mti.

"Gogo likianikwa juani hukauka upesi." Hukauka nje tu. Nje husinyaa ndani kungali kubichi, na mti hupasuka, kuanzia vichwani ambako maji hutoka kwa kasi kuliko ubavuni. Gogo la mwembe lichimbwe likiwa bichi, ukuta uachwe na unene wa sentimita 4 hivi, vichwa vipakwe nta au rangi, kisha likae kivulini penye upepo kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo patasi ishushe ukuta hadi sentimita 2. Gome litolewe mapema, maana bungua wanaupenda mwembe; ukiona vumbi laini chini ya mzinga, yaani gogo lililochimbwa, wadudu hao wameshaingia.

"Ngozi hulainishwa kwa maji moto." Maji yakifika nyuzi joto 60 za Selsiasi na ushei huikunja, na haikunjuki tena. Ya mbuzi ilowekwe maji baridi usiku kucha, ya ng'ombe siku nzima au zaidi. Wakati wa kuwamba, vuta upande mmoja, kisha ule unaoukabili, usikaze hadi mwisho: ikikauka itajikaza yenyewe. Iliyovutwa kupita kiasi huchanika mdomoni, hasa mdomo usipopigwa tupa ukaviringana. Isipigwe kabla ya siku 2 au 3. Ngoma ikilegea kwenye mvua za Aprili na Mei haijaharibika. Ipashwe moto kwa mbali.

"Shaba ya moto ikizamishwa majini huwa ngumu." Hiyo ni tabia ya chuma cha visu. Shaba ya manjano ya upatu, ile sahani ya kupigwa ngomani, hukakamazwa na nyundo, na ukiendelea kuigonga huchanika ukingoni. Ipashe hadi wekundu hafifu italainika, uipoze kwa maji au kwa hewa. Baada ya mapigo ya mwisho usiipashe tena, kwani ukakamavu ule ndio mlio wenyewe. Ukitoka moshi mweupe, ni zinki inayoungua: punguza moto, usiuvute.

"Kayamba lijazwe mbegu." Zikibanana hazitelezi, na sauti hufa. Theluthi ya nafasi kati ya safu mbili za matete yatosha. Mbegu za mturituri zitiwazo humo zina sumu, hivyo zilizopasuka zitupwe, na matete yashonwe bila mwanya wa kupenya mbegu, watoto wasiziokote.