Kuku wanaharisha: tazama kinyesi kabla ya kununua dawa

Kinyesi bandani kimekuwa cha majimaji. Nikimbilie dawa?

Bado. Kinyesi cha kuku mzima kimeshikana, kina rangi ya kahawia au kijivu, na juu kimevaa utando mweupe, ambao ndio mkojo wake. Mara chache kwa siku hutoa kingine laini, cha kahawia iliyokolea, chenye uvundo wa kukunja pua. Hicho nacho ni cha kawaida. Kinatoka kwenye vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo, na ndicho kinachowatia watu wengi hofu ya bure.

Halafu kuna joto letu. Kaskazi inapowaka, kuku hunywa maji mengi ajipoze, na kinyesi hulegea. Na kama unawanywesha maji ya kisima, hebu yaonje kwanza. Visima vingi vya mwambao huu wa Mombasa vina chumvi, na chumvi ikizidi huharisha kuku, vifaranga zaidi. Hapo hakuna dawa ya kununua, badilisha maji.

Basi ugonjwa nitaujuaje?

Mtazame kuku mwenyewe. Mgonjwa hujikunyata pembeni, mabawa yameanguka, manyoya yametimka, kilemba kimepauka, na ukimwaga chakula haji mbio kama wenzake. Jioni tandika gunia au gazeti pale wanapolala, asubuhi ukague kilichoanguka. Zingatia mambo mawili: rangi ya kinyesi na umri wa kuku. Hayo mawili yatakusaidia kuliko kumweleza muuza dawa kwamba "kuku wanaumwa tumbo".

Vifaranga wangu wa wiki nne wanaharisha damu. Ni nini?

Umri huo na damu hiyo, shuku koksidiosi kwanza. Huletwa na vijidudu vya Eimeria vinavyoishi ndani ya ukuta wa utumbo na kuuchanachana. Kuku mgonjwa hunya mayai ya vijidudu hivyo, ambayo hayaonekani kwa macho. Yakianguka kwenye matandiko makavu hayana nguvu sana, lakini yakipata unyevu na joto, siku moja au mbili zinatosha kuyakomaza, na kifaranga anayeyadonoa huumwa baada ya siku kama 4 hadi 7. Unyevu na joto: umeshaielezea Mombasa ya Mei, masika yakinyesha na makuti ya banda yakivuja. Wiki ya 3 hadi ya 6 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kinga ya kifaranga bado haijajengeka.

Dawa inayopatikana kwa urahisi ni amproliamu, ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Kwa kawaida hutolewa siku 5 hadi 7, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Changanya mpya kila siku na uondoe maji mengine yote. Wape kundi zima, si yule anayetoa damu peke yake, maana wenzake wameshayala mayai hayohayo. Asiyeweza kusimama hatakifikia chombo. Mdondoshee dawa mdomoni.

Watu hukosea hapa: pamoja na dawa wanatia unga wa vitamini ili kuku apate nguvu. Amproliamu hufanya kazi kwa kukinyima kijidudu vitamini B1. Ukiimimina kwenye maji yaleyale, unakilisha adui yako. Vitamini zingoje dozi iishe.

Dawa za salfa pia zinatibu, lakini msimu wa joto nina wasiwasi nazo: kuku anakunywa kupita kiasi, kwa hiyo anameza dawa kupita kiasi, na salfa ikizidi ni sumu. Wasipewe kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Wakati unatibu, toa matandiko yote yaliyolowa, uweke makavu, na uinue vyombo vya maji visimwagike. Klorini na sabuni haziyaui mayai ya Eimeria. Ukavu ndio unaoyamaliza.

Mwarobaini, shubiri, kitunguu thomu?

Sioni ubaya kuwawekea kidogo kuku wazima. Kifaranga anayevuja damu usimtegeshee hayo; anaweza kufa kabla hujamaliza kutwanga.

Tetrasaiklini je? Jirani anaitumia kwa kila kitu.

Huua bakteria. Eimeria si bakteria, minyoo si bakteria, na kideri (ugonjwa wa Newcastle) huletwa na kirusi. Jirani anatupa pesa, na anawafundisha bakteria wa bandani kuizoea dawa ambayo kesho huenda akaihitaji yeye mwenyewe.

Na rangi nyingine?

Kijani, pamoja na kuhema kwa taabu, shingo kupinda na vifo vya ghafla vya wakubwa na wadogo: shuku kideri. Hakitibiki, kina chanjo tu. Chanjo hupewa kuku wazima, na nyingi huharibika zikipata joto, kwa hiyo ukivuka nayo feri ya Likoni iwe kwenye barafu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi. Chanjeni na majirani siku moja, maana kikishachanganywa hakiwekwi.

Cheupe cha majimaji kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 huenda ni Gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi, nao hauna tiba ila chanjo. Cheupe kinachoganda mkunduni mwa kifaranga wa siku chache, au cha manjano kwa kuku mkubwa, huashiria bakteria wa Salmonella. Hapo muone daktari wa mifugo. Mzoga wa leo, uliofungwa kwenye mfuko na kuwekwa barafu, unaweza kuchunguzwa katika maabara ya mifugo ya Mariakani.

Kuku anakula vizuri lakini anakonda, kifua kimebaki mfupa: minyoo. Piperazini hutoa minyoo mikubwa ya duara tu. Levamisoli hutoa aina zaidi. Kuku wa kuzurura wape dawa takriban kila miezi 3.

Aliyeanza kuumwa nimchinje tuokoe nyama?

Usimchinje. Salmonella huhamia kwa binadamu, na anayenyonyoa na kupasua ndiye wa kwanza kuupata, kabla nyama haijafika jikoni. Aliyekufa mzike chini sana au mchome. Usimtupe jaani paka wakamburura mtaa mzima. Aliyepona baada ya dawa, soma kwenye pakiti siku za kungoja kabla ya kula nyama au mayai yake. Na kuku mpya kutoka soko la Kongowea, hata akiwa na kilemba chekundu vipi, mtenge wiki 2 kabla hajaingia kwa wenzake, na umhudumie wa mwisho.