Pumu ya ngozi kichwani: kabla hujanyoa upara

Kunyoa nywele hakuponyi pumu ya ngozi. Naliweka hili mbele kwa sababu wengi wanaofikia uamuzi wa kunyoa wameshachoka: usiku hawalali, asubuhi foronya ina damu na magamba, mafuta ya kila aina wameshapaka, na wembe unaonekana ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini ugonjwa hauko kwenye nywele. Uko kwenye ngozi iliyo chini yake, ambayo tabaka lake la juu halishiki maji vizuri na linaruhusu vichochezi kupenya, kisha kinga ya mwili inavishambulia na ngozi inawaka. Nywele zikiondoka, ngozi inabaki ile ile.

Hata hivyo sisemi usinyoe. Kwa baadhi ya watu ni hatua nzuri kabisa. Ninachosisitiza ni wakati wa kunyoa na kifaa unachotumia, maana kwa ngozi hii, tofauti kati ya wembe na mashine yenye kichana cha milimita 3 ni kubwa kuliko tofauti kati ya kunyoa na kutonyoa.

Je, ni pumu ya ngozi kweli?

Kichwa kinachowasha na kutoa magamba kinaweza kuwa na magonjwa kadhaa yanayofanana kwa mbali. Mba mkali hutoa magamba ya manjano yenye mafuta na mara nyingi hushika pia nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Huu hutulia kwa shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, ikiachwa kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Soriasisi hutoa mabaka manene yenye kingo zinazoonekana wazi, magamba yake ni meupe ya kung'aa, na hupenda kuvuka mstari wa nywele hadi kwenye paji. Angalia viwiko, magoti, na kucha zenye vishimo vidogo. Mwenye soriasisi akijikata na wembe, baka jipya linaweza kuota palepale kwenye jeraha.

Mapunye ndiyo yanayosahaulika zaidi, hasa kwa watoto. Nywele hukatika usawa wa ngozi na kuacha viduara vyenye nukta nyeusi. Dawa ya steroidi, yaani ile ya kutuliza uvimbe na mwasho, huyatuliza kwa muda huku fangasi wakienea, na krimu ya fangasi haifiki kwenye shina la nywele, kwa hiyo matibabu yake ni dawa ya kumeza. Kumnyoa mtoto hakuyaondoi.

Halafu kuna mzio wa vitu vinavyopakwa. Rangi nyeusi ya nywele, manukato na vihifadhi vilivyomo kwenye shampuu ndivyo washukiwa wakubwa. Dalili inayonifanya niushuku ni vipele kujitokeza mahali ambapo povu hupita likisuuzwa: kope, masikio, pande za shingo. Kipimo chake ni vibandiko vinavyowekwa mgongoni kwa siku 2, kisha ngozi husomwa tena baada ya siku kadhaa. Usipake steroidi mgongoni siku za karibu na kipimo, kwa sababu inaweza kuficha jibu. Nimelitaja hili kwa kirefu kidogo kwa sababu mwenye mzio akinyoa hupata nafuu ya haraka, anaamini nywele ndizo zilizokuwa tatizo, na mwaka unaofuata anazirudisha pamoja na rangi ileile.

Kinachobadilika nywele zikiondoka

Faida kubwa ni kwamba dawa inafika. Kwenye nywele nyingi, krimu nyingi huishia kwenye nywele na mgonjwa anadhani dawa haifanyi kazi. Kichwa kilichonyolewa unaweza kukipaka kwa vipimo. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza ni karibu gramu 0.5, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Weka kiganja chako kichwani, hesabu mabaka yanachukua viganja vingapi. Yakichukua vinne, unahitaji gramu 1 kila unapopaka, yaani gramu 14 kwa wiki mbili ukipaka mara moja kwa siku. Ndiyo maana mtu mwenye tyubu ya gramu 15 aliyoanza kuitumia miezi mingi iliyopita hajashindwa na dawa. Hajaipata.

Faida nyingine ni ya wale wanaopangiwa tiba ya mwanga. Mionzi inayotumika ni ya urujuanimno ya wigo mwembamba, karibu nanomita 311, na nywele huizuia isifike kwenye ngozi. Kama daktari amekupangia tiba hiyo kwa ajili ya kichwa, kupunguza nywele ni sehemu ya matibabu.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawauzungumzii. Nywele hukinga ngozi dhidi ya kucha zako mwenyewe. Ukizitoa, kidole kinachojikuna usingizini kinagusa ngozi moja kwa moja, na kwa siku chache za mwanzo mikwaruzo inaweza kuongezeka. Jua linachoma utosi ambao haujazoea, baridi na upepo vinakausha, na ukingo wa kofia unasugua. Mabaka yaliyokuwa yamefichika yanaonekana na kila mtu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hayawi mekundu: huwa ya kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, na yakipona huacha madoa meusi au meupe yanayochukua miezi kufifia. Na mwenye nywele za kujisokota akinyoa kwa wembe, ncha kali ya unywele hurudi kuchoma ngozi kwa ndani na kuleta vipele. Kisogoni vipele hivyo vinaweza kugeuka makovu manene ya kudumu. Hapo utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili.

Tuliza kwanza, nyoa baadaye

Usinyoe ngozi ikiwa inatoa majimaji, imepasuka au ina vigaga. Mashine itang'oa vigaga na kufungua vidonda, na bakteria aina ya stafilokokasi, ambao huishi kwa wingi kwenye ngozi yenye pumu, wataingia. Jipe wiki moja hadi mbili za matibabu kabla.

Vigaga na magamba huondolewa kwa kulainishwa. Paka parafini ya maji ya dukani kwa dawa (si mafuta ya taa) au mafuta mepesi yasiyo na harufu, acha saa 2 au zaidi, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na shampuu isiyo na manukato huku ukisugua kwa ncha laini za vidole. Kinachogoma kutoka leo kiache, kitatoka kesho. Sipendekezi mafuta ya zeituni ingawa yanasifiwa sana: yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi, na fangasi wa mba wanayapenda.

Steroidi ya kichwani huwa ya maji, losheni, povu au mafuta. Ile ya maji yenye alkoholi huunguza kwenye ngozi iliyopasuka, na wengi huiacha siku ya kwanza wakidhani imewadhuru. Omba losheni isiyo na alkoholi au ya mafuta mpaka mipasuko ifunge. Nywele zikiwa bado zipo, zigawanye kwa mistari ya sentimita 1 au 2, gusisha mdomo wa chupa kwenye ngozi yenyewe, dondosha kidogo, sugua taratibu, nenda mstari unaofuata. Dawa kali kama klobetasoli ya asilimia 0.05 isizidi wiki 2 mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki. Usiishushe usoni. Ngozi ya kichwa hunyonya steroidi takriban mara 3.5 ya ngozi ya mkono wa mbele, na ya paji hunyonya zaidi ya hapo. Kwa mstari wa nywele, masikio na kope, takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ni salama zaidi kwa matumizi ya muda mrefu. Siku za mwanzo huwasha kama pilipili, kisha hali hiyo huisha.

Vigaga vya rangi ya asali, usaha, mitoki shingoni au nyuma ya masikio vinaonyesha bakteria wameshaingia, na hapo kunyoa kusubiri mpaka utibiwe. Ukiona vilengelenge vidogo vinavyofanana, vinavyouma kuliko kuwasha, vikipasuka na kuacha vishimo vya mviringo, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hivyo ni virusi vya hepesi vilivyosambaa kwenye pumu ya ngozi. Vinahitaji asiklovia, dawa ya kuua virusi hivyo, haraka, na vikikaribia jicho vinaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Siku yenyewe

Tumia mashine ya umeme yenye kichana cha milimita 3, ile wanayoita namba 1. Kwa mtu mwenye wasiwasi, anza na milimita 6, namba 2. Ngozi inafikika vilevile kwa dawa, na meno ya mashine hayaigusi. Mara nyingi ugonjwa umejikusanya kisogoni na juu ya masikio tu. Kama ni hivyo kwako, punguza sehemu hizo peke yake na uache nywele za juu zishuke kuzifunika. Ni watu wachache wanaowaza njia hii, na kwa mtu anayeumia moyoni kupoteza nywele zake ndiyo ningeianza.

Osha kichwa jana yake, na siku ya kunyoa nywele ziwe kavu kabisa, bila mafuta, maana mafuta hunasa vipande na kuifanya mashine ivute. Nywele ndefu zipunguze kwanza kwa mkasi. Meno ya mashine yasafishwe kwa brashi, yapanguswe kwa alkoholi ya asilimia 70, yaachwe yakauke, kisha yatiwe tone la mafuta ya mashine. Kama unanyolewa na kinyozi, nenda na mashine yako, au angalau kichana na taulo lako: mapunye husafiri kwenye mashine zinazotumiwa na watu wengi, na hata virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kupita kwenye chombo chenye damu. Anayekunyoa asiwe na kidonda cha hepesi mdomoni. Mwambie mapema asipake spiriti wala poda yenye harufu akimaliza.

Fuata uelekeo wa nywele zinavyoota, usikandamize, usirudie sehemu moja zaidi ya mara mbili. Kila dakika chache gusisha meno ya mashine kwenye kifundo cha mkono wako. Yakiwa ya moto, zima usubiri, kwa sababu joto pekee linatosha kuamsha mwasho.

Ukimaliza usikae na vipande vya nywele. Vinachoma shingoni na ndani ya kola, na usiku utajikuna ukidhani ni ugonjwa umerudi. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, futa kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na ndani ya dakika 3 paka mafuta mazito yasiyo na manukato, ukivuta kiganja kufuata uelekeo wa nywele. Ukipaka kinyume unaziba vitundu vya nywele na kuleta vipele vya usaha.

Wembe sikushauri hata kidogo, hata ule wa usalama wenye povu. Unakwangua tabaka lilelile ambalo tayari ni dhaifu.

Baada ya hapo

Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kunyoa kila wiki 2 au 3 kunatosha. Mafuta ya kulainisha ni asubuhi na usiku, hata siku ambazo ngozi ni njema. Steroidi na mafuta visipakwe kwa pamoja: acha nusu saa katikati. Mabaka yakishapona, usiiache steroidi ghafla. Kuipaka siku 2 kwa wiki kwenye sehemu zinazorudiarudia hupunguza milipuko mipya, ila mpango huo upitishwe na daktari wako.

Kucha zikatwe fupi na kusuguliwa zisiwe na ncha. Kofia iwe ya pamba, iliyolegea, na ivuliwe ukitoka jasho. Kwa jua, chagua losheni ya kukinga yenye zinki. Foronya za pamba zifuliwe kila wiki kwa nyuzi 60. Na tafadhali zingatia hili: mafuta yenye parafini yakijikusanya kwenye foronya, kofia na kitambaa cha kichwani, nguo hiyo hushika moto haraka sana, na kufua hakuyatoi yote. Kaa mbali na sigara, mshumaa na jiko.

Ukiwa umefanya haya yote kwa wiki 6 hadi 8, kwa kiasi sahihi cha dawa, na bado hulali, tatizo limevuka uwezo wa kupaka. Usikubali kurudiarudia vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza: vinatuliza kwa siku chache, na ukiviacha pumu hurudi, mara nyingine kwa nguvu zaidi. Muulize daktari wa ngozi kuhusu dawa za kutuliza kinga ya mwili: metotreksati, siklosporini, ambayo hudai shinikizo la damu na figo vipimwe mara kwa mara, au sindano ya dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 2017. Nenda na tyubu zako zote, hata tupu, ili aone ni gramu ngapi umetumia kwa muda gani. Beba pia chupa za kila unachopaka kichwani, na picha ulizopiga siku ambazo hali ilikuwa mbaya kabisa, kwa sababu siku ya miadi ngozi huweza kuwa imetulia. Usinyoe wiki hiyo. Anahitaji kuona nywele zimekatika wapi na magamba yamekaaje.