Saratani ya mfupa: panya anatuonyesha nini, na mbwa anatuonyesha nini

Kijana wa miaka 14 anayelalamikia goti kwa wiki kadhaa na mbwa aina ya Rottweiler anayechechemea mguu wa mbele wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja: osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza mfupa. Ukitazama picha za eksirei, mfupa wa kila mmoja umetafunwa kama ubao ulioingiwa na mchwa. Na kwa wote wawili saratani hukimbilia mapafuni.

Utafiti wa dawa kwa kawaida huanza na panya. Panya aliyezalishwa akiwa na upungufu wa kinga hupandikizwa seli za uvimbe wa binadamu ndani ya mfupa wa muundi, nasi tunaweza kuzima jeni moja tu tukaona uvimbe unafanyaje. Kwa mgonjwa huwezi kufanya hivyo. Lakini panya huyo, kwa kuwa hana kinga kamili, hafai kupimiwa dawa ya kuamsha kinga.

Mbwa anafaa. Hatumpandikizi kitu, ameugua mwenyewe, anaishi nyumbani kwa mwenye mbwa, naye mwenye mbwa husaini ridhaa kabla ya matibabu. Halafu wako wengi: Marekani inakadiriwa mbwa zaidi ya 10,000 huugua kila mwaka, wakati binadamu ni kama 1,000 tu. Ugonjwa wao pia huenda mbio. Mbwa aliyekatwa mguu bila kupewa dawa huishi miezi minne au mitano hivi, kwa hiyo jibu halichelewi.

Mifamurtide, dawa inayochochea kinga, ilirefusha maisha ya mbwa miaka ya 1980. Umoja wa Ulaya uliiruhusu kwa watoto na vijana mwaka 2009, ingawa Marekani ilikuwa imeikataa.

Rapamycin ilikwenda kinyume. Ni dawa wanayoijua waliopandikizwa figo, na kwa panya wenye osteosakoma ilitia matumaini. Ikajaribiwa kwa mbwa zaidi ya 300, pamoja na kukatwa mguu na tiba ya kemikali. Matokeo yalitoka mwaka 2021: haikuongeza chochote. Unaweza kuiita hasara. Mimi siiti hivyo. Kutafuta jibu hilohilo kwa watoto kungechukua miaka mingi, huku wakimeza dawa inayoshusha kinga bila faida yoyote.