Mpako wa Madini ya Mfupa Juu ya Kaboni: Maswali na Majibu

Kwa nini kipandikizi cha mfupa, yaani kifaa kinachowekwa mwilini kushika au kuchukua nafasi ya mfupa, kipakwe madini?

Kwa sababu mfupa wenyewe ni madini kwa sehemu kubwa. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni fosfati ya kalsiamu ya aina iitwayo haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini inayoufanya usivunjike ovyo. Ukiutupa mfupa wa ng'ombe kwenye moto mkali mpaka uwe mweupe, kolajeni huungua, na hayo madini yaliyobaki unaweza kuyasaga kwa vidole.

Chembe hai zinazojenga mfupa zikikuta madini hayo juu ya chuma, hushika na kujenga hapohapo. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1980, kuanzia Ulaya, baadhi ya nyonga bandia za titaniamu, metali nyepesi na imara, hupakwa haidroksiapataiti.

Basi kaboni ya nini?

Ukumbuke ule mfupa wa motoni: madini peke yake huvunjika kirahisi. Yanahitaji kitu cha kuyashika, kama udongo wa ukuta unavyohitaji fito. Mirija nano ya kaboni, yaani mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, iliyopata umaarufu baada ya utafiti wa Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, ni myembamba mno, maelfu ya mara kuliko unywele, lakini haikatiki kirahisi. Grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, nayo ni hivyohivyo. Watafiti wanataka kaboni iwe fito na fosfati ya kalsiamu iwe udongo.

Madini hushikaje kwenye kaboni?

Hapa ndipo penye kazi. Titaniamu hupakwa kwa kupuliziwa unga wa madini kupitia mwali wa plasma, yaani gesi iliyochemka mno, wenye joto la maelfu ya nyuzi. Kaboni ya nano ikikutana na joto hilo penye hewa, inaungua. Kwa hiyo hutumika njia ya maji. Shida nyingine ni kwamba kaboni halisi huyakataa maji, hivyo kwanza hutiwa asidi ili ipate vikundi vya oksijeni vyenye chaji hasi. Vikundi hivyo huivuta kalsiamu, yenye chaji chanya. Kalsiamu nayo huiita fosfati. Kisha kipande huachwa siku kadhaa katika maji ya nyuzi 37 yenye chumvi zinazokaribia zile za damu, kwa utaratibu uliojulikana kupitia mtafiti Tadashi Kokubo wa Kyoto, Japani, mwaka 1990, na madini huota juu yake taratibu.

Ni salama?

Kwangu hili ndilo swali kuu, na linastahili kutangulia sifa zote za uimara. Mwaka 2008 majaribio ya panya yalionyesha kuwa mirija ya kaboni mirefu na migumu inaweza kuumiza utando wa ndani ya mwili kama asbesto inavyofanya. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mpako huifunika kaboni, lakini fosfati ya kalsiamu huyeyuka kidogo kidogo mwilini. Ikishayeyuka, kaboni iliyobaki inakwenda wapi? Mpaka jibu lipatikane, mahali pake ni maabara. Mtu akikuuzia dawa au kipandikizi cha "kaboni nano" cha kuunga mifupa, usinunue.

Nina chuma mguuni tangu ajali ya bodaboda, nacho hakikupakwa. Niombe kibadilishwe?

Hapana. Chuma cha kuunga mfupa uliovunjika kazi yake ni kuushikilia mpaka uunge, na pengine kitatolewa baadaye. Kikipakwa madini, mfupa ungekikumbatia na kukitoa kungekuwa taabu. Mpako unafaa zaidi kwa kinachokaa moja kwa moja, kama nyonga. Ila mguu ukianza kuvimba, kutoa usaha au kuuma upya, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyohiyo na picha zako za eksirei.