Kwa Nini Tumba la Asumini Halinukii Mchana?

Chuma tumba la asumini saa nane mchana, ulisogeze puani. Utapata harufu ya jani bichi, basi. Liweke kwenye kisahani juu ya kitambaa kibichi, urudi saa tatu usiku: chumba kizima kinanukia, na lile tumba lililokuwa limejifunga limekuwa ua. Ile harufu haikuwa imejificha ndani ikingoja mlango ufunguliwe. Mchana, sehemu kubwa yake haikuwapo. Imetengenezwa ndani ya petali wakati ule ule ua linafunguka.

Mwenye kutaka mwasumini uwani kwake inafaa alifahamu hili mwanzo, maana kumwagilia, kupogoa na saa ya kuchuma vyote vinalifuata.

Sisi wa Unguja na Pemba tunalo tumba jingine la kulinganisha nalo, nalo ni karafuu. Karafuu pia huchumwa kabla haijafunguka, lakini mafuta yake yamo tayari, yamehifadhiwa katika vifuko vidogo sana chini ya ngozi ya tumba. Ndiyo maana huanikwa juani, ikakauka, ikakaa ghalani muda mrefu na bado ikanukia. Hata makonyo yake hutiwa mvuke pale Wawi, Chake Chake, yakatoa mafuta. Mrehani ni vivyo hivyo: jani lina vifuko vya mafuta, ukilifikicha vinapasuka. Asumini haina ghala la namna hiyo. Ianike juani utabaki na vipande vya rangi ya udongo visivyo na thamani. Watengenezaji manukato wa zamani huko Ufaransa walilijua hili, na badala ya kuipika asumini walitandaza maua mabichi juu ya mafuta mgando, wakayaacha usiku kucha. Ua lililochumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi, na mafuta huinyonya.

Ndani ya petali kinachotokea ni hiki. Baadhi ya viambata vya harufu hukaa vimefungamana na sukari, na vikiwa hivyo havinuki wala haviruki hewani. Ua linapokomaa, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ndani ya mmea, huvikata kutoka kwenye ile sukari na vingine hutengenezwa upya. Linalooli na benzili asetati ndivyo vinavyoleta ule utamu. Indoli, kwa kiasi kidogo sana, huleta ule uzito unaoifanya asumini isifanane na ua jingine. Wakati huo huo petali zinajaa maji. Seli za upande wa ndani hurefuka kuliko za nje, petali ikapinda kwenda nje, na ua likafunguka. Kufunguka kwa asumini, kwa maneno mengine, ni kazi ya maji.

Nani anayeliambia ua kwamba magharibi imefika? Si giza peke yake. Kule China, wanaotia asumini kwenye majani ya chai huchuma matumba alasiri na kuyarundika ndani ya jengo lenye taa, nayo hufunguka usiku vile vile. Tumba lililokomaa limeshaanza safari yake na halirudi nyuma. Kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo mwasumini wa Zanzibar hautofautiani sana saa zake kati ya kusi na kaskazi.

Na usiku ndio wakati wa nondo. Ua jeupe huonekana kwenye mwanga mdogo, mrija wake mrefu unawafaa wadudu wenye mrija mrefu wa kunyonya, na hewa ikitulia harufu husafiri mbali. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoupa mmea huu jina la kitaalamu mwaka 1753, aliuweka chini ya jina Nyctanthes, lenye maana ya ua la usiku. Mwaka 1789 ndipo ulipohamishiwa Jasminum na kuitwa Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya kusini. Huku bustanini ni nadra kuuona ukizaa tunda, kwa hiyo huenezwa kwa vipande vya matawi, mkono kwa mkono, jirani kwa jirani.

Kipande kizuri cha kupanda si cha ncha laini wala si cha shina gumu. Chagua tawi lililoanza kugeuka rangi kutoka kijani kwenda kahawia, ukate urefu wa sentimita 12 hadi 15 lenye vifundo 3 au 4. Kata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo yakate nusu ili yasipoteze maji. Vifundo viwili viingie udongoni, kwani mizizi hutokea hapo. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Wiki 4 hadi 6 utaona majani mapya. Usikivute kuangalia kama kimeota! Wengi huua vipande vyao hivyo. Au laza tawi refu chini likiwa bado kwenye mama yake, lifukie kifundo kimoja, liweke jiwe juu, na ulikate likishika mizizi.

Mwanzo wa masika au wa vuli ndio wakati wa kuhamishia shambani. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha, na mti na mti upishane mita 1 na robo. Mahali pawe na jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 5 au 6 kila siku. Katika nyua za Mji Mkongwe kuta ni ndefu na jua hupita kwa saa mbili tu, ndiyo sababu mwasumini hurefuka ukitafuta mwanga, ukatoa majani mazuri na usitoe ua hata moja. Dawa ya hapo ni chombo cha kuhamishika: ndoo au pipa la lita 20 lenye matundu chini, lipandishwe darini, lakini lisikae upande unaopigwa na upepo wa bahari, kwani chumvi huunguza kingo za majani.

Udongo ndio shida kubwa ya visiwani, na panafaa kukaa hapo kidogo. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu mdogo au wa katikati. Ardhi ya kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, inaufaa. Kichanga kinafaa kikiongezwa samadi, ila kinakauka upesi. Kwenye uwanda na maweni, upande wa mashariki wa Unguja kwa mfano, jiwe la matumbawe hufanya udongo kuwa na chokaa nyingi, na chokaa huifunga madini ya chuma hata mizizi isiweze kuinyonya. Dalili yake haifichiki: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hali hiyo hiyo hutokea mjini ukipanda chini ya ukuta wa mawe na chokaa, kwani kila mvua huteremsha chokaa kwenye mizizi. Panda angalau mita 1 kutoka ukutani. Na hapa ndipo watu wanapokosea: wakiona manjano humwaga majivu ya jikoni. Majivu huongeza ile ile hali ya chokaa, na mti huzidi kuumwa. Kama majani yanayogeuka manjano ni yale ya zamani ya chini, jani zima pamoja na mishipa, hiyo ni njaa ya naitrojeni au mizizi iliyotota, si chokaa.

Kwa chombo changanya sehemu 2 za kinongo, 1 ya samadi iliyooza kabisa na 1 ya mchanga. Mchanga usiwe wa pwani: una chumvi na vipande vya makombe, yaani chokaa tena. Weka nyuzi za makumbi juu ya udongo zizuie jua. Maji ya mvua yakingwe kila inapowezekana, kwani visima vingi vya karibu na bahari hugeuka maji ya chumvichumvi ifikapo kiangazi.

Kumwagilia kuwe asubuhi. Mti uliosimama vizuri ardhini hutaka kama lita 10 kila siku ya pili wakati wa kaskazi. Wa kwenye ndoo hutaka lita 2 kila siku, kwa sababu ndoo hupata joto pande zote. Mti uliokosa maji adhuhuri utatoa matumba, lakini jioni yatafunguka nusu na yatanukia nusu. Jioni usinyunyizie maua yaliyofunguka. Petali iliyolowa hupata madoa ya kahawia.

Sasa kupogoa, jambo ambalo wenye miti huliogopa bila sababu. Asumini huzaa kwenye ncha za matawi mapya, kwa kawaida matumba matatu matatu, la katikati likitangulia kufunguka. Tawi la zamani halizai. Kila ukikata ncha, matawi mawili huchipua hapo, na ncha mbili maana yake ni mashada mawili. Kwa hiyo shada likimaliza, kata ncha pamoja na jozi mbili za majani. Mara moja kwa mwaka, katika kipupwe, Julai au Agosti, punguza maji kwa wiki moja au mbili, kisha kata mti mzima ubaki sentimita 50 kutoka chini, uondoe matawi makavu na yanayopishana. Zungushia samadi iliyooza kilo 10, mbali kidogo na shina, uanze tena kumwagilia. Baada ya miezi miwili au mitatu, joto likishapanda, mti utafunikwa na nyeupe. Samadi mbichi ya kuku iepuke: naitrojeni yake nyingi huleta majani na kuahirisha maua.

Wadudu ni wa kuwahi. Tumba lenye tundu dogo na vumbi jeusi ndani lina kiwavi. Lichume ulichome, usiliache chini. Ukungu mweupe kama pamba kwenye vifundo ni vidung'ata. Pangusa kwa kitambaa, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, jioni, kila baada ya siku 5 mara tatu. Angalia na chungu. Wale chungu wekundu waitwao maji moto ni walinzi wazuri wa minazi, lakini kwenye mwasumini huwafuga wadudu wanaonyonya utomvu, na mchumaji hawezi kusogeza mkono. Majani yenye vitone vya kijivu na utando mwembamba wakati wa kiangazi ni utitiri. Piga maji kwa nguvu chini ya majani.

Tumba la kuchuma ni lile lililofikia urefu wake wote na kuwa jeupe kabisa. Likiwa na ukijani halitafunguka, hata ukilibembeleza. Chuma kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alasiri, pamoja na kikonyo chake. Lifunge kwenye jani la mgomba au kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Anayetunga shada apitishe uzi kwenye mrija, si kwenye petali, kwani petali iliyochubuka hugeuka kahawia kabla ya saa mbili usiku. Kikuba, yaani kishada cha manukato cha kuvaa, kilichofungwa saa kumi na moja, asumini pamoja na mrehani na mkadi, hufunguka kikiwa kimeshavaliwa. Rangi ya zambarau iliyofifia inayoonekana asubuhi si ugonjwa. Ni ua lililomaliza usiku wake. Zambarau kwenye tumba ambalo bado halijafunguka, tena lililovimba chini, hiyo ndiyo ya kuitilia shaka: huenda lina mabuu ya kijinzi, inzi mdogo sana.

Maua yakizidi, tia mafuta ya nazi kwenye bakuli pana. Joto letu huyaacha maji maji, kwani huganda chini ya nyuzi 24, lakini yananyonya harufu vizuri. Saa tatu usiku tandaza maua yaliyofunguka, makavu bila tone la maji, funika. Asubuhi yaondoe yote, kwani ua lililoachwa huoza na kuyachachisha mafuta. Jioni weka mapya. Baada ya usiku wa saba chuja kwa kitambaa safi, uhifadhi kwenye chupa ya rangi, mbali na jua.